Asali Si Zote Sawa

Amma baad. Ndugu Muislamu, hapana katika sisi asiyejua ya kuwa Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya An-Nahl kwamba asali ina shifaa. Lakini wafasiri, na Ibn Kathir ni mmoja wao, wametutanabahisha ya kuwa neno shifaa hapo halikutiwa "al". Yaani haikusemwa kuwa asali ni dawa ya kila ugonjwa. Basi yatupasa kuuliza nguvu yake yatoka wapi.

Asali ina maji machache, kadiri ya sehemu 18 katika 100, na wingi wa sukari yake huvinyonya maji vidudu vya maradhi. Tena ina uchachu. Na kubwa kuliko hayo, nyuki hutia humo chachu itokayo mwilini mwake. Asali ikichanganyika na maji ya kidonda, chachu hiyo huzaa haidrojeni peroksaidi, dawa ambayo matabibu wameioshea vidonda tangu zamani. Chachu hii huharibiwa na moto. Basi yule achemshaye asali ili iwe nyepesi machoni pa mnunuzi, ameiondolea silaha yake.

Asali ya mti wa manuka wa New Zealand haitegemei chachu hiyo. Mwaka 2008 wataalamu wa Dresden, Ujerumani, walieleza ya kuwa nguvu yake ni kitu kiitwacho methiliglioksali. Ama ile ya mkunazi itokayo Hadhramaut, tuipendayo na kuilipia fedha nyingi, ni njema. Lakini bei si kipimo, kwani nguvu hubadilika kwa maua, kwa msimu na kwa uhifadhi. Ya nyuki wadogo wasiouma ina maji zaidi, huchachuka upesi, nayo pia huua vidudu.

Asali ya hospitali husafishwa kwa miali ya gama, nayo imeonekana kuponya upesi majeraha ya moto yasiyozama sana. Ya sokoni haikusafishwa hivyo, na pengine imetiwa shira. Usiimimine katika kidonda kirefu, khasa cha mwenye kisukari, ukaacha kwenda kwa tabibu.

Na jambo lililonitia kalamu mkononi ni hili: wako wanaompaka mtoto mchanga asali kinywani kwa tahniki. Asali yaweza kuchukua mbegu za kidudu kiitwacho klostridiamu, ambazo mtu mzima hazimdhuru, lakini katika utumbo wa mtoto asiyetimiza mwaka humea na kutoa sumu ilegezayo viungo hata pumzi. Kuchemsha kwa jikoni hakuziui. Tahniki iliyothubutu katika Hadithi za Bukhari ni ya tende. Asali na ingoje mpaka mtoto apite mwaka.