Mkanda Mweusi na Ngazi za Darasani: Swali la Muda katika Kujifunza

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali ambalo vijana wengi wa Dar es Salaam huliuliza: je, mtu hana budi kujifunza karate kwa muda gani ndipo astahili kufungwa mkanda mweusi? Huenda mwalimu-mwanafunzi akashangaa na kujiuliza swali hilo lina uhusiano gani na kazi ya kufundisha Kiswahili na Hisabati katika shule ya msingi. Tunamwomba avute subira. Tutakavyoona, swali hilo linagusa jambo ambalo kila mwalimu hukutana nalo: ni lini tuseme kwamba mtoto amejua, na kwa ushahidi gani?

Kisa cha Kiwalani

Tulipokuwa tukiwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, tulifika katika shule moja ya Kiwalani. Darasa la tano lilikuwa na wanafunzi wapatao 90, na kila ndege iliposhuka kuelekea uwanjani, mwalimu alilazimika kunyamaza mpaka mngurumo upite. Somo lilikuwa Kiswahili, na habari iliyosomwa ilihusu michezo. Mvulana mmoja alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, mkanda mweusi unapatikana kwa muda gani?" Mwanachuo wetu alijibu upesi, "Miaka mitatu," kisha akaendelea na somo.

Baada ya kipindi tulimwita yule mtoto. Alitusalimu kwa adabu, nasi tukamwitikia.

"Je, mwanangu, unajifunza karate?"

"Ndiyo, mwalimu. Jioni, hapo uwanjani."

"Umefika wapi?"

"Nina mkanda wa njano. Kata ya kwanza naijua. Ya pili nakosea pale pa kugeuka. Nikiacha kukosea, mwalimu atanipima."

(Kata, katika karate, ni mfululizo wa miondoko iliyopangwa, ambayo mwanafunzi huifanya peke yake mbele ya mwalimu.)

"Na katika Hisabati, umefika wapi?"

Alinyamaza kidogo, akatazama chini. "Niko darasa la tano, mwalimu."

Tulipomwuliza kwa nini aliuliza habari za mkanda mweusi, alitueleza kwamba kaka yake alikuwa nao. Aliupata kwa miezi 6, kwa mwalimu mwingine, baada ya kulipa ada. "Lakini akija uwanjani hataki kucheza na sisi," akasema. "Anakaa pembeni tu."

Tunawaomba wasomaji wayatafakari majibu hayo. Uwanjani, mtoto huyu alijua anachokiweza, asichokiweza, na hatua inayofuata. Darasani, alijua jina la chumba anachokaa. Kaka yake, kwa upande mwingine, alikuwa na alama ya ujuzi asiokuwa nao, na alama hiyo ilikuwa imemfanya aogope kujifunza. Wote wawili wanatufundisha jambo moja: cheo kina faida pale tu kinapomweleza mwanafunzi ukweli kuhusu uwezo wake.

Asili ya mkanda mweusi

Yafaa ieleweke kwamba mikanda hii haikubuniwa na askari wala mashujaa wa sinema. Ilianzishwa na walimu. Jigoro Kano, aliyezaliwa Japani mwaka 1860, alianzisha judo katika shule yake ya Kodokan, Tokyo, mwaka 1882. Mwaka uliofuata aliwapa wanafunzi wake wawili, Shiro Saigo na Tsunejiro Tomita, daraja la kwanza. Baadaye mkanda mweusi ukawa alama ya waliofikia daraja hilo. Kano hakuwa mwalimu wa mieleka tu. Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa chuo cha ualimu cha Tokyo. Kwa hiyo, aliyetuachia mkanda mweusi alikuwa mkufunzi kama sisi.

Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, naye alikuwa amefundisha shule za msingi kwa miaka mingi. Aliuiga utaratibu wa Kano, na mwaka 1924 akatoa mikanda myeusi ya kwanza kwa wanafunzi wake wa karate. Mikanda ya rangi nyingine kwa wanaoanza ilienea zaidi Ulaya, na anayetajwa sana ni Mikonosuke Kawaishi, aliyefundisha judo Paris tangu miaka ya 1930. Wanafunzi wake walihitaji kuona kwamba wanasonga mbele, hata kama safari ni ndefu.

Kwa Kijapani, daraja la mkanda mweusi wa kwanza huitwa shodan, maana yake daraja la kuanzia. Aliyelifikia amejua misingi, na sasa anaweza kuanza kujifunza kwa kweli. Huku kwetu wengi huudhani kuwa ni mwisho wa safari. Kosa hilo tunalifahamu vizuri katika ualimu, maana wako wanaodhani kwamba siku ya kupokea cheti ndiyo siku ya mwisho ya kujifunza kufundisha.

Hapa Dar es Salaam, karate ya mtindo wa Goju-ryu ilienezwa tangu miaka ya 1970 na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, aliyewafundisha vijana katika eneo la shule ya Zanaki. Mwanzilishi wa mtindo huo, Chojun Miyagi wa Okinawa, aliyefariki mwaka 1953, husimuliwa kuwa hakumpa mwanafunzi wake yeyote mkanda mweusi katika uhai wake. Hata hivyo walitoka mikononi mwake walimu hodari. Ujuzi, basi, waweza kuwapo bila mkanda, kama vile mkanda uwezavyo kuwapo bila ujuzi.

Muda hupimwaje?

Sasa tulirudie swali la mtoto. Majibu ya ulimwengu hayalingani. Nchini Japani kijana mwenye bidii aweza kufikia daraja la kwanza la judo kwa mwaka mmoja au miwili. Vyama vingi vya karate na judo katika nchi nyingine huchukua miaka 3 hadi 5. Katika jiujitsu ya Brazil si ajabu mtu kungoja miaka 10. Mkanda huitwa kwa jina moja, bali kila chama kimeupa kazi yake. Kwa Wajapani ni mlango wa kuingilia. Kwa Wabrazili ni uthibitisho kwamba mtu amekwisha kuwa fundi.

Hata ndani ya chama kimoja neno "mwaka" halitoshi. Hebu tufanye hesabu. Mwanafunzi anayehudhuria mara 2 kwa juma, saa 1 na nusu kila mara, kwa majuma 48, hupata saa 144 kwa mwaka. Kwa miaka 4 atapata saa 576. Mwenzake anayehudhuria mara 5 kwa juma, saa 2 kila mara, hupata saa 480 kwa mwaka. Atazifikia saa zile 576 kabla ya kutimiza mwaka mmoja na robo. Nani kati yao amejifunza "muda mrefu" zaidi?

Lakini tusiharakishe kusema kwamba saa ndizo zinazotosha. Tangu Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alipochapisha uchunguzi wake wa kumbukumbu mwaka 1885, imethibitishwa mara nyingi kwamba mazoezi yaliyogawanywa katika siku nyingi hukaa akilini kuliko yaliyorundikwa pamoja. Kadhalika, mwili wa mtoto hukua kwa wakati wake. Kodokan huweka umri wa miaka 14 kabla ya kutoa daraja la kwanza. Katika taekwondo, Kukkiwon ya Seoul huwapa watoto wa chini ya miaka 15 daraja la pekee liitwalo poom badala ya lile la watu wazima. Muda, kwa hiyo, ni sharti la kujifunza. Hauwezi kununuliwa kama alivyojaribu yule kaka. Hata hivyo kupita kwa muda peke yake si dalili kwamba kujifunza kumetokea.

Makosa mawili ya mwalimu

Mwalimu aweza kukosea kwa njia mbili. Kwanza, aweza kumpandisha mwanafunzi kabla ya kuwa tayari, kwa ajili ya ada, huruma, au kutaka kuonekana hodari mbele ya wakaguzi. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Mtoto aliyevushwa bila kujua kusoma hukaa pembeni mwa darasa kama yule kaka alivyokaa pembeni mwa uwanja, akiogopa asije akaulizwa.

Pili, mwalimu aweza kumchelewesha mwanafunzi aliye tayari, kwa kuwa "muda wake haujafika". Wahenga hao hao walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtoto anayejua kujumlisha, akilazimishwa kujumlisha muhula mzima, hujifunza jambo moja tu, yaani kuchoka.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja. Tumweleze mwanafunzi mapema mambo anayotakiwa kuyaweza, tumpime anapokuwa tayari, na tumwambie ukweli. Utaratibu huu si mgeni kwetu. Mwanafunzi wa madrasa huvuka sura moja kwenda nyingine baada ya kuisoma mbele ya mwalimu wake. Fundi cherehani hamkabidhi mwanagenzi kitambaa cha mteja kabla hajamwona akishona vizuri vipande visivyo na thamani.

Matumizi darasani

Tuchukue mfano wa kusoma, katika darasa la tatu lenye wanafunzi 90. Mwalimu aweza kupanga ngazi 6:

1. Anatamka sauti za herufi zote.
2. Anasoma silabi, pamoja na zile zenye herufi za konsonanti zaidi ya moja kama nda, mbwa na ng'o.
3. Anasoma maneno ya silabi mbili na tatu bila kuyakatakata.
4. Anasoma sentensi kwa kufuata alama za kituo.
5. Anasoma aya moja na kueleza habari yake kwa maneno yake mwenyewe.
6. Anasoma habari mpya asiyopata kuiona, na kujibu maswali.

Ngazi ya sita ni muhimu sana, kwa kuwa watoto wengi huikariri habari ya kitabuni, na mwalimu akadhani wanasoma. Ndiyo maana hapo hutumika habari mpya.

Mwanachuo atauliza: nitawapimaje watoto 90? Kumpima mtoto mmoja huchukua kama dakika 2. Wote watahitaji dakika 180. Jambo hili haliwezekani kwa siku moja. Lakini mwalimu akiwapima watoto 6 kila siku, wakati wenzao wanaandika, atatumia dakika 12 tu, na kwa siku 15 za shule, yaani majuma 3, atakuwa amewafikia wote. Matokeo ayaandike katika daftari lake: jina, ngazi, na kosa moja la kurekebisha. Kisha amwambie mtoto kosa hilo kwa maneno mepesi, ili naye aweze kusema kama yule wa Kiwalani, "Nakosea pale pa kugeuka."

Tahadhari

Hatuna budi kutaja mipaka ya mfano wetu. Anayejiunga na karate amependa mwenyewe, na akishindwa aweza kuacha. Mtoto wa shule ya msingi hana hiari hiyo, wala mwalimu hana ruhusa ya kumwacha. Ngazi zisiwe, basi, chujio la kuwatoa walio wazito. Ziwe taa ya kutuonyesha nani anahitaji msaada. Pia, mkanda wa karate hufungwa kiunoni mbele ya watu wote. Ngazi za kusoma zisibandikwe ukutani wala zisiwe utepe wa rangi, maana mtoto aliyebaki chini atafedheheka. Zikae katika daftari la mwalimu na katika mazungumzo yake na mtoto.

Hitimisho

Mwanachuo wetu alikutana tena na mvulana yule kabla ya mazoezi kwisha. Safari hii alimjibu hivi: "Sijui ni miaka mingapi. Mwulize mwalimu wako wa karate ni mambo gani unatakiwa kuyaweza, uyahesabu, kisha uanze na lile la kugeuka." Halafu akatoa daftari lake, akamwonyesha mambo 5 ya Hisabati aliyokuwa amempangia: manne ya kwanza yalikuwa na alama ya vema, na la tano, kugawanya kwa tarakimu mbili, halikuwa nayo. Mtoto alilitazama kwa muda. "Hili nikiliweza, utanipima?" akauliza. Mwanachuo akamwahidi kumpima.

Maswali ya majadiliano

1. Taja alama au cheo kimoja ulichowahi kupewa kabla ya kustahili. Kilikuathiri vipi katika kujifunza?
2. Chagua mada moja ya Hisabati ya darasa la nne, uigawe katika ngazi zisizozidi 6. Eleza kila ngazi kwa kitendo ambacho mwalimu aweza kukiona au kukisikia.
3. Darasa lako lina wanafunzi 120, na waweza kuwapima 8 kwa siku. Utahitaji siku ngapi kuwafikia wote? Wengine watakuwa wakifanya kazi gani wakati huo?
4. Mzazi anakulalamikia kwamba mtoto wake amekaa katika ngazi moja kwa majuma 6. Andika utakalomjibu.