Kabla ya Kuchukua Damu Elburgon, Ulizia Mashine Njoro

Mwanafunzi anayetaka kupima damu ya wakulima wa Elburgon, au ya ng'ombe wao, hana haja ya kununua mashine hata moja. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, mwendo wa kilomita 20 hivi, na fiziolojia ya binadamu na ya mifugo hufundishwa huko. Katika idara za masomo kama hayo, mashine kubwa hutumiwa kwa zamu na watafiti wengi. Kinachoharibu kazi ni kuanza na sindano, halafu ndipo mtu aulizie mashine. Damu haingoji.

Ikishatoka mwilini, chembe zake huendelea kula sukari. Katika joto la kawaida la chumba, glukosi hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mwenye kisukari anaweza kuonekana mzima kwa sababu tu matatu ilikawia kujaa. Chupa yenye floridi husaidia, ila floridi nayo huchukua saa moja au zaidi kufanya kazi sawasawa, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Potasiamu huenda kinyume: huvuja kutoka kwenye chembe na kupandisha kipimo, na baridi huzidisha uvujaji huo. Wengi hukosea hapa, wakiamini barafu hufaa kila sampuli. Kama unapima potasiamu, usiilaze damu nzima kwenye barafu, na asubuhi zenye baridi za Elburgon usiiache nje. Simamisha chupa ndani ya chumba kwa nusu saa hadi damu igande, izungushe kwenye mashine kabla saa mbili hazijapita, uitenge seramu. Hiyo seramu ndiyo ya kutiwa kwenye kisanduku cha baridi. Mimi ningeomba kwanza ruhusa ya kuzungushia damu katika maabara ya hospitali ya Elburgon, ili kinachosafiri hadi Njoro kiwe seramu tupu.

Sentrifuji, yaani hiyo mashine ya kuzungusha, ina mtego wake. Watu huandika "mizunguko 3,000 kwa dakika" na kuridhika. Lakini kwa mizunguko hiyohiyo, mashine ambayo chupa ziko sentimita 10 kutoka katikati hutoa nguvu ya karibu g 1,000, yaani mara 1,000 ya mvutano wa dunia. Zikiwa sentimita 16, nguvu hufika karibu g 1,600. Ukitumia mashine moja Elburgon na nyingine Njoro, andika nguvu kwa g, la sivyo matokeo hayalinganishiki. Kila chupa pia iwe na mwenzake wa uzito uleule upande wa pili. Ukibaki na chupa moja, jaza nyingine maji hadi zilingane kwenye mizani. Mashine ikianza kutetemeka, izime, na usifungue kifuniko hadi isimame kabisa.

Nenda ukamwone mtaalamu wa maabara wiki kadhaa kabla. Huyo ndiye anayejua mashine ipi inasubiri fundi na zamu ipi iko wazi. Muulize nani ananunua vitendanishi, ada ni kiasi gani, na stima ikipotea friza inashikiliwa na jenereta au la. Ada hiyo iingie kwenye bajeti ya pendekezo lako tangu mwanzo. Seramu igawe katika vichupa vidogo kabla ya kugandisha, kwa maana kuyeyusha na kugandisha tena na tena huiharibu. Ukimaliza, andika kwenye rejista ulichofanya, pamoja na hitilafu uliyoiona. Anayeficha hitilafu humwachia mwenzake sampuli zilizokufa, na hilo ni kosa kubwa kuliko kuvunja chupa.

Karatasi nazo zina foleni yake: kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kwa kazi ya jeni inayohitaji mashine kubwa zaidi, ulizia maabara ya pamoja ya BecA iliyoko ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi.

Jambo moja zaidi kwa anayepima hemoglobini. Elburgon iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwili wa mkazi wa huko hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani hutaka kipimo kirekebishwe kulingana na mwinuko kabla ya kusema nani ana upungufu wa damu. Kwa hiyo kwenye fomu ya kila sampuli, pembeni mwa saa iliyochukuliwa, jaza pia mwinuko wa mahali mtu anapoishi.