Mpigaji kutoka Nairobi

Hapa kwetu Kishanda ukitaja mpira, kila mtu anafikiri mpira wa miguu. Leo tujifunze habari za mpira unaopigwa kwa gongo. Jina lake ni kriketi. Wako watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, kama mwingine alivyo fundi seremala. Mmoja wao alitoka nchi jirani, Kenya.

Kwanza tuuelewe mchezo. Kila timu ina watu 11. Katikati ya uwanja pana njia yenye urefu wa mita 20 hivi. Kila mwisho wa njia vimesimamishwa vijiti vitatu. Mrushaji anatupa mpira mgumu wa ngozi ili aangushe vijiti. Mpigaji anavilinda kwa gongo lake la mbao. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wa upande wa pili wanakimbia na kubadilishana nafasi. Hiyo ni alama 1. Mpira ukibiringika ukavuka mpaka wa uwanja, ni alama 4. Ukivuka hewani, ni 6.

Sasa sikia ugumu wake. Vijiti vikipigwa, au mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji anatoka. Kosa moja tu! Wa mpira wa miguu akikosa goli, baada ya dakika mbili anajaribu tena. Huyu atakaa nje saa nyingi akiwatazama wenzake. Na mwajiri wake anahesabu alama.

Basharat Hassan alizaliwa Nairobi mwaka 1944. Alikwenda Uingereza, na mwaka 1966 akaanza kuichezea timu ya jimbo la Nottinghamshire. Aliendelea mpaka mwaka 1985. Majimbo ya huko hushindana kuanzia Aprili hadi Septemba, na siku zile mchezo mmoja ulichukua siku 3. Msimu ukiisha, wachezaji wengi walitafuta kibarua kingine cha kuvukia miezi ya baridi. Mkulima wa kahawa ataelewa upesi: fedha ina majira yake, tumbo halina.

Tena nafasi zenyewe ziligombewa. Mwaka 1968 timu ilimleta Garfield Sobers wa Barbados, aliyesifika dunia nzima. Baadaye wakaja Clive Rice wa Afrika Kusini na Richard Hadlee wa Nyuzilandi. Hassan hakufikia sifa za watu hao, wala timu ya taifa ya Uingereza hakuichezea. Basi alibakije miaka yote hiyo? Alisimama kwa namna yake mwenyewe: kifua wazi, macho yote mawili kwa mrushaji. Walimu wa kriketi hawafundishi hivyo. Alikuwa hodari wa kudaka, na ilipohitajika alikaa nyuma ya vijiti kama kipa. Mimi naona riziki yake ilikuwa hapo, katika kufaa kwa kazi nyingi. Mwaka 1981 Nottinghamshire walitwaa ubingwa wa majimbo, mara ya kwanza tangu 1929, naye alikuwemo.

Kwa jumla alipata alama zaidi ya 14,000. Mara 15 alifikisha 100 kabla ya kutoka. Wastani wake ulikuwa 29. Wastani ni nini? Chukua alama zote, gawanya kwa idadi ya mara alizotolewa. Wapigaji wakubwa hufika 40 na zaidi. Kwa hiyo 29 ni ya kati, lakini aliirudia mwaka hadi mwaka.

Zoezi

1. Mpigaji mmoja amecheza mara 5. Amepata alama 40, 0, 25, 12 na 23. Mara 4 alitolewa. Mara ya mwisho mchezo ulikwisha yeye bado yuko uwanjani. Wastani wake ni ngapi? (Angalia: usigawanye kwa 5.)

2. Kama wewe ndiye mwajiri, ungempa mkataba wa msimu ujao? Zungumzeni katika kikundi chenu.