Tetemeko au Bomu?

Anayelala chini ya bati Tukuyu hulijua tetemeko kabla hajafumbua macho. Bati hugonga ghafla, vikombe vikalia kabatini. Panakuwa kimya kidogo, mtu anadhani limekwisha, ndipo nyumba inapoyumba kama mtumbwi ziwani. Desemba 2009, Karonga, ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, ilitikisika mara kwa mara, na tetemeko la usiku wa kuamkia tarehe 20 likafikia ukubwa wa 6.0.

Kwa nini mipigo miwili? Ni mawimbi mawili yaliyoondoka pamoja yakafika kwa kupishana. La kwanza ni la kusukumana: mwamba unausukuma mwenzake, nao unausukuma wa mbele, kama abiria waliobanana kwenye daladala dereva anapokanyaga breki. La pili ni la kuyumba: mwamba unakwenda upande, kama kamba uliyoifunga mlangoni ukaitikisa. La kusukumana hupita kwenye miamba ya juu kwa kilomita 6 hivi kwa sekunde, la kuyumba 3.5 hivi. Kadiri chanzo kilivyo mbali, ndivyo la pili linavyozidi kuachwa. Hesabu sekunde kati ya mpigo na mpigo, zidisha kwa 8, umepata umbali kwa kilomita. Sekunde 10 ni kilomita 80, na kutoka Tukuyu kwenda kusini, hapo uko Karonga.

Sasa lije swali lililowahangaisha wataalamu kwa miaka mingi. Tarehe 19 Septemba 1957 Marekani ililipua bomu la nyuklia ndani ya mlima huko Nevada, jaribio lililoitwa Rainier. Mlipuko ulibaki chini ya ardhi. Aliye mbali, mwenye mtambo wa kupima matetemeko tu, angejuaje kwamba lile si tetemeko? Jibu la kuwaridhisha wote halikupatikana upesi, na mkataba wa Moscow wa 1963 ukapiga marufuku majaribio hewani, anga za juu na chini ya maji, ukayaacha ya chini ya ardhi. Mataifa yenye mabomu hayaaminiani kwa neno tupu. Yanahitaji kipimo ambacho hata hasimu atakikubali.

Asili ya kipimo hicho unaweza kuiona mezani kwako. Tandika kitambaa, weka kiganja katikati, kisukume mbele. Mbele ya vidole kitambaa kinajikunja, nyuma ya kiganja kinavutika. Ndivyo ufa wa ardhi unavyofanya unapoteleza: vituo vya upande mmoja husukumwa kwanza, vya upande mwingine huvutwa kwanza. Sisi wa Rungwe tunaishi juu ya nyufa za namna hiyo, Bonde la Ufa linapopita kati ya volkano za Rungwe, Ngozi na Kyejo. Bomu halitelezi, linapanuka pande zote kwa mara moja. Kila mtambo unaolizunguka husukumwa kwanza.

Alama hiyo ni rahisi kuifundisha, lakini ndiyo ya kwanza kupotea. Mlipuko ukiwa mdogo, mtikisiko wa kawaida wa ardhi, upepo na magari huufunika mwanzo wa wimbi. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha pia nguvu za mawimbi yenyewe. Bomu husukuma zaidi kuliko linavyotelezesha, hivyo wimbi lake la kusukumana huwa kubwa ukilipima na la kuyumba. Halafu kuna kina. Matetemeko mengi huanzia kilomita 10 au zaidi chini, na hakuna anayechimba shimo la bomu hadi huko.

Ili kulitafutia jibu swali hilo la tetemeko au bomu, miaka ya 1960 Marekani ilisambaza mitambo ya aina moja kwenye vituo zaidi ya 100 duniani, Nairobi ikiwamo. Mwaka 1967 mtaalamu wa matetemeko Lynn Sykes alitumia kumbukumbu za mitambo hiyo kuonyesha jinsi sakafu ya bahari inavyoteleza kwenye nyufa zake, na hoja kwamba mabara yanasogea ikapata nguvu kubwa. Elimu tunayotumia leo kuyaeleza matetemeko ya Karonga ilikuzwa na watu waliokuwa wakitafuta njia ya kuzuia mabomu. Kila nikilifikiria hilo huona fahari.

Leo upo Mkataba wa Kupiga Marufuku Kabisa Majaribio ya Nyuklia wa 1996, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Mtandao wake una kituo cha matetemeko Kilimambogo, Kenya, na kituo cha mionzi Dar es Salaam. Kazi ya Dar es Salaam ni ya subira: hewa hupitishwa kwenye chujio kwa siku nzima, chujio huachwa lipumzike ili mionzi ya asili itokanayo na radoni ipungue, ndipo vumbi lipimwe. Wimbi linasema palilipuka, na mionzi ndiyo inayosema kilicholipuka ni nini. Korea Kaskazini ilipolipua bomu dogo tarehe 9 Oktoba 2006, mitambo ya matetemeko ililisikia siku hiyohiyo, na baadaye chembe za gesi ya zenoni zikanaswa Yellowknife, Kanada.

Kwenye mkataba huo kuna pia ukaguzi wa uwanjani: wakaguzi kupekua eneo la hadi kilomita za mraba 1,000, karibu nusu ya wilaya ya Rungwe, wakitafuta shimo. Wakaguzi hao hawawezi kutumwa bado, kwa sababu baadhi ya nchi 44 ambazo lazima ziuridhie ndipo uanze kutumika hazijafanya hivyo, Marekani ikiwamo. Urusi nayo iliondoa uridhiaji wake mwaka 2023.