Somo kwa Mnunuzi: Gari Chakavu la Umma Katika Mnada wa Hadhara

Gari la umma likifikia hatua ambayo matengenezo yake yanagharimu kuliko faida ya kulitumia, huondolewa barabarani, hukaguliwa, na kibali cha uondoshaji kikipatikana huuzwa kwa mnada wa hadhara au kwa zabuni. Katika viwanja hivyo wapo waliojipatia pikapu ya kubebea mazao kwa bei nafuu. Wapo pia waliopoteza akiba ya miaka kadhaa kwa mchana mmoja.

Chanzo cha hasara hiyo mara nyingi ni sentensi moja ya tangazo: gari litauzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Maana yake ni kwamba muuzaji hatoi dhamana yoyote. Injini ikifa mita 100 nje ya geti, msiba ni wa mnunuzi peke yake; na gari lisilotembea atalivuta kwa gharama zake.

Kwa sababu hiyo, siku yenye uzito si ile ya mnada bali zile za ukaguzi, ambazo tangazo huzitaja. Mnunuzi makini huenda na fundi makanika anayemwamini, asiye na maslahi katika mauzo yale. Mara nyingi injini haiwashwi, kwa kuwa betri imekufa au imeondolewa. Hata hivyo, gari lililonyamaza husema mengi. Kijiti cha oili kikitoka na utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Huenda gasketi imeungua au injini imepasuka, na hayo si matengenezo ya siku moja. Fundi alale chini ya gari agongegonge chasisi yote kwa nyundo ndogo, hasa panaposhikana na springi, maana rangi mpya huficha kutu. Kisha vihesabiwe vipuri visivyokuwepo: stata, alteneta, rejeta, pampu ya dizeli. Gari lililokaa muda mrefu chini ya mwembe wa yadi ni nadra kubaki na viungo vyake vyote.

Namba ya chasisi na ya injini zilinganishwe na zile za kadi, tarakimu kwa tarakimu. Zisipolingana, maelezo yatafutwe kabla ya mnada.

Hapa Land Rover za zamani zinahitaji neno la pekee. Gari hilo lilitambulishwa mwaka 1948, na bodi yake ni ya aloi ya alumini, isiyoshika kutu kama chuma. Wengi huiona bodi nzima wakadhani gari ni zima, ilhali chasisi iliyo chini ni ya chuma na huliwa kimyakimya. Siku hizi wapo wakusanyaji wanaozitafuta Land Rover hizo kwa ajili ya ukongwe wake, nao huthamini zaidi ile yenye injini na vifaa vyake vya asili. Iliyowekewa injini ya kampuni nyingine yaweza kumfaa mkulima vizuri sana, lakini mkusanyaji hataitamani kwa kiwango kilekile. Anayenunua kwa tumaini la kumuuzia mkusanyaji alipime hilo kabla ya kunyoosha mkono.

Baada ya ukaguzi huja hesabu. Tuseme gari la aina hiyo, likiwa zima, huuzwa shilingi milioni 9 mitaani. Fundi anakadiria matengenezo ya milioni 3.5, na kulivuta pamoja na usajili kunahitaji milioni 1. Kikomo cha mnunuzi ni milioni 4.5, wala si zaidi. Kama gari liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, kama yalivyo mengi ya miradi ya wafadhili yenye namba za DFP, huenda mnunuzi akatakiwa kulipa kodi hiyo. Aulize mapema, na kikomo kishuke ipasavyo.

Kikomo kiandikwe kwenye karatasi na kutiwa mfukoni, kwa kuwa sauti ya dalali na macho ya majirani vina nguvu ya ajabu. Matangazo mengi hudai asilimia 25 ya bei papo hapo na salio ndani ya siku 14. Masharti ya mnada husika ndiyo yasomwe. Mnunuzi wa mfano wetu akivutwa hadi milioni 6, atalipa milioni 1.5 palepale na kudaiwa milioni 4.5 katika wiki mbili. Akishindwa, kwa kawaida amana hairudi na gari hunadiwa upya. Atarudi nyumbani bila gari na bila fedha.

Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na taasisi husika, kupitia benki au simu, si mkononi mwa mtu yeyote hata akiwa amevaa kitambulisho. Stakabadhi, hati ya mauzo na kadi ya gari vipokelewe kabla gari halijatoka. Namba za SM au STK haziendi na mnunuzi: gari husajiliwa kwa namba za binafsi kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania, naye awe na namba ya utambulisho wa mlipakodi. Hadi usajili na bima vikamilike, gari livutwe, lisiendeshwe.