Shangazi, mume wangu ana tego?

*Shangazi, niko Ngara. Mume wangu ana miaka 29, ni utingo wa malori ya Rusumo–Dar. Hutokwa na vidonda mdomoni mara kwa mara, na sasa mara ya pili sehemu za siri. Tumepima VVU na kaswende, hatuna. Juzi mguu wa kushoto umevimba, unauma, na jicho limekuwa jekundu. Mama mkwe anasema ni tego, kaleta mtu wa kumchua na kumchanja. Mimi nahisi kuna mwanamke Benaco. – Mke mwenye mashaka*

Mwanangu, huyo wa Benaco mweke kando kwanza, mguu ndio wenye haraka. Mchuaji aache leo hii. Mguu mmoja ukivimba hivyo, huenda damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, na ukichuliwa bonge linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Mpeleke Murgwanza, au hospitali yoyote iliyo karibu, apigwe altrasaundi ya mguu. Akihema kwa shida au kukohoa damu, msingoje kupambazuke.

Kukaa kwenye lori siku nzima kunaweza kugandisha damu peke yake. Lakini mguu, mdomo, sehemu za siri na jicho vikimsumbua kijana mmoja, daktari aufikirie ugonjwa wa Behçet, uliopewa jina la Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Istanbul aliyeueleza mwaka 1937. Kwetu ni nadra. Umezoeleka zaidi kuanzia Uturuki na Iran hadi Japani. Kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, kuta za mishipa huvimba, damu ikagandia hapohapo ukutani. Ndiyo maana tiba yake hasa ni dawa za kutuliza kinga, kama prednisoloni na azathioprini. Dawa za kuyeyusha damu asijinunulie kamwe: baadhi ya wagonjwa hawa wana mshipa uliotuna mapafuni, na ukipasuka dawa hizo huzidisha kuvuja damu.

Hakuna kipimo kimoja cha maabara kinachouthibitisha. Daktari huunganisha dalili. Wanaume wetu humwonyesha daktari mguu na kuficha vya ndani ya suruali. Wako aseme vyote, tena aanze na vidonda vya mdomoni. Jicho lionwe na mtaalamu wa macho upesi, maana huweza kupofuka. Mkipewa rufaa ya Chato au Bugando, nendeni.

Behçet hauambukizwi, wala haupatikani kwa zinaa. Hata hivyo malengelenge ya sehemu za siri nayo huleta vidonda, na vipimo mlivyofanya havikuyagusa. Kwa hiyo mumeo simtetei wala simhukumu. Muulize, ila muulize baada ya altrasaundi.

Mama mkwe usigombane naye. Mwambie hela aliyomtengea mchanjaji inatosha kuwa nauli, kisha mpande gari nyote watatu.