Sanduku la Vitabu Chini ya Rakuba

Ukitamani mtaa wetu wa Gudele, hapa Juba, Sudan Kusini, upate maktaba, usianze na jengo. Anza na sanduku la bati, kama lile la wanafunzi wa bweni, na siku moja ya wiki isiyobadilika. Kitengesa, karibu na Masaka nchini Uganda, walianza hivyo mwaka 1999 na sanduku la vitabu 161. Jengo lilikuja miaka kadhaa baadaye, wasomaji wakiwa tayari wapo.

Siku na saa waulize akina mama. Gudele mtoto hutumwa maji kabla ya kucheza, na mchana jua halivumiliki. Kwetu iliyofaa ni Jumamosi saa kumi jioni, madumu yameshajaa, kivuli cha rakuba, kibanda chetu cha kupumzikia, kimetanda. Wawe watunzaji wawili, mmoja akiugua mwenzake afungue. Watoto wakikuta sanduku limefungwa mara mbili, mara ya tatu hawaji.

Sanduku lenyewe liinue juu ya matofali manne. Mchwa hawahitaji zaidi ya usiku mmoja. Katikati ya vitabu tandaza majani makavu ya mwarobaini. Juba yamejaa tele. Mvua zikianza mwezi wa nne, toa vitabu kila wiki mbili uvianike kivulini. Usivianike juani: gundi ya mgongo hukauka, kurasa zikaanza kung'oka moja moja.

Kisha daftari. Mimi nilianza kwa kuaminiana tu, na kabla ya miezi miwili vitabu kumi na kimoja havikurudi. Sikuwa na wa kumuuliza, maana sikuandika jina la yeyote. Siku hizi naandika tarehe, namba ya kitabu, jina la mtoto, jina la mama, na alama ya nyumba: "nyuma ya kinu", "mkabala na kisima". Vichochoro vyetu vingi havina majina, lakini kila mtu anajua kinu kilipo. Faini usitoze kabisa. Mzazi asiye na hela atamkataza mtoto asije tena. Aliyepoteza kitabu aje Jumamosi mbili kusaidia kufunika vingine kwa nailoni. Wengi hufurahia kazi hiyo kuliko unavyodhani.

Vitabu vingi utakavyopewa ni vya Kiingereza, na mtoto nyumbani anaongea Kiarabu cha Juba, au Kibari, au Kiswahili ikiwa wazazi wake walikaa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Soma ukurasa mmoja kwa sauti, simulia kwa lugha anayoijua, kisha mpe kitabu akusimulie yeye kwa picha. Hadithi za tovuti ya African Storybook unaruhusiwa kuzichapa bure, za Kiswahili zikiwemo. Shona kurasa kwa sindano na uzi. Pini hushika kutu.

Watu wazima nao watakuja, ila si kwa hadithi. Watakuja na fomu ya mtoto ya shule, au tangazo lililobandikwa ukutani wasiloweza kulisoma. Watengee meza pembeni. Hapo ndipo maktaba inapokuwa ya mtaa mzima, na kwangu meza hiyo ina uzito sawa na sanduku.

Meza hiyo hiyo ndiyo itakayoandika barua kwa wakubwa. Mwone kwanza chifu wa bloku, umkaribishe Jumamosi ajionee mwenyewe, asije akasikia habari zako kwa watu. Baada ya hapo andika ukurasa mmoja: mahali, siku, saa, majina ya watunzaji, idadi ya watoto kutoka daftarini. Omba kitu kimoja tu, kwa mfano kiwanja kidogo, au taka zilizo mbele ya rakuba ziondolewe. Ukiomba mambo matano, barua itazunguka ofisi tano. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, mbele yako. Irudishe nyumbani uibandike ndani ya kifuniko cha sanduku. Ukirudi mwezi ujao kuuliza, nenda nayo.